Vidonge vya Namtumbo Havikuwa Feki

Vijana mnaouza dawa, mnaozigawa madirishani, na ninyi mnaozibeba kuwapelekea wazazi wenu nyumbani: mimi nimestaafu. Nina bustani ya mboga na goti linalouma wakati wa baridi, na nilikuwa nimejiwekea nadhiri ya kutojihusisha tena na mambo ya vidonge. Nadhiri hiyo imevunjwa na kijana mmoja mwenye duka la dawa hapahapa Songea. Nilikuwa nimesimama mbele ya kaunta yake nikisubiri dawa ya goti, naye akawa anamsimulia mteja mwingine kwamba zamani, miaka ile ya ruksa, biashara huria ilipoanza, kwaya nzima ilimezeshwa dawa feki za presha huko Namtumbo, mwanamke mmoja akanusurika kufa, na mwalimu wa kwaya akafa kweli. Alisimulia vizuri, kwa mikono na macho. Aliyoyasema kuhusu watu yalikuwa karibu yote ni kweli. Alilolisema kuhusu dawa lilikuwa uongo.

"Nani alikwambia zilikuwa feki?" nikamuuliza.

"Mzee, hiyo inajulikana. Songea nzima inajua."

"Mimi ndiye niliyetumwa kuzikagua."

Akanitazama, akatabasamu kwa adabu. "Shikamoo, mzee. Basi labda mzee umesahau."

Sijasahau. Ndiyo maana ninaandika.

Nilikuwa mfamasia msaidizi wa serikali. Serikali iliporuhusu watu binafsi kufungua maduka ya dawa kila mahali, niliongezewa kazi ya kuyakagua, bila kuongezewa baiskeli. Maduka yaliota kama uyoga baada ya mvua ya kwanza. Mtu aliyekuwa akiuza mitumba mwezi uliopita, mwezi huu alikuwa amevaa koti jeupe na kuitwa daktari. Nilikuta vidonge vya presha vimehifadhiwa pamoja na sabuni za kufulia, vikinuka sabuni. Nilikuta muuzaji akipima presha sokoni na kuwatangazia wateja, "Imeshuka, umepona, achana na dawa." Nilimwuliza huyo bwana kama mtu anayeezua paa kwa sababu ndani hakuvuji ana akili timamu. Alinijibu kuwa yeye si fundi seremala.

Dawa ninayoizungumzia ni propranolol. Ni mojawapo ya dawa za kundi liitwalo vizuia-beta, na kwa miaka mingi wagonjwa wetu wengi wa shinikizo la damu walipewa hiyo. Nitaieleza kwa lugha ya nyumbani. Mwili una amri inayouhimiza moyo: piga haraka, piga kwa nguvu. Dawa hii husimama mlangoni na kuizuia amri hiyo. Moyo unatulia, na presha inashuka. Lakini amri ileile ndiyo inayosaidia njia za hewa kifuani zibaki wazi, na propranolol haichagui mlango. Mwenye mapafu mazima hatatambua kitu. Mwenye pumu, hata pumu iliyolala miaka mingi, anaweza kufungiwa kifua kwa kidonge kimoja.

Aliyenifundisha hayo alikuwa Mzee Haule, bosi wangu wa kwanza, mtu mkavu kama hindi la mbegu. Hakumpa mgonjwa yeyote propranolol kabla ya kumwuliza, "Umewahi kubanwa kifua, hata utotoni?" Mgonjwa akisema hapana, mzee hakuondoka. Alikaa kimya akimtazama. Alikuwa akisema jibu la kwanza la mtu ni la heshima, la pili ndilo la kweli. Mara nyingi baada ya kimya hicho mgonjwa alikohoa kidogo na kusema, "Labda pale nilipokuwa mdogo." Kisha mzee alimshika kifundo cha mkono kupitia dirishani na kusikiliza mapigo, maana moyo ambao tayari unapiga polepole mno haustahili kutulizwa zaidi. Na kabla hajamwachia alimwambia: "Dawa hii ni mswaki wako. Haiazimwi."

Watu walicheka, wakaenda nyumbani wakaiazima.

Msiwacheke sana. Tabia hiyo ilikuwa na chanzo chake. Miaka ya uhaba, aliyepata mche wa sabuni alikata kipande akampa jirani. Chumvi iligawanywa kwa kijiko. Vidonge navyo vikafuata njia ya chumvi, na mtu aliyenyima kidonge alihesabiwa mchoyo. Ruksa ilipokuja, sabuni zikajaa, chumvi ikajaa, kila mtu akanunua ya kwake. Lakini kidonge kiliendelea kugawanywa, kana kwamba uhaba umehamia humo.

Kulikuwa pia na wale waliojua kumeza lakini hawakujua lini. Nakumbuka mkulima mmoja wa tumbaku, mcheshi, ambaye kwa majuma mazima hakugusa dawa zake, halafu siku ya kwenda kliniki alimeza zote alizoruka, ili presha iwe nzuri mbele ya daktari. Alianguka kwenye foleni ya mizani. Nilipomshika mkono, mapigo yalikuwa yakija moja moja kama wageni wasioalikwa. Alipozinduka nilimwuliza kwa nini.

"Mgeni akija si tunafagia nyumba, bwana?" akasema.

"Unafagia kwa mafagio kumi kwa mpigo?"

"Uchafu ulikuwa mwingi."

Alipona, na mimi nikajifunza kumwambia kila mgonjwa jambo ambalo nilidhani linajulikana: ukisahau kidonge, kimeze ukikumbuka, na kama saa ya kinachofuata imekaribia kiache kilichopita, uendelee na kinachofuata. Usimeze viwili kulipia kimoja. Na ukihisi kizunguzungu, ukaanguka, au mapigo yakawa ya polepole mno, rudi hospitali, usirudi dukani.

Sasa nije kwenye Namtumbo.

Mwalimu Ndunguru alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwalimu wa kwaya ya parokia, mtu wa Mbinga aliyehamia Songea akiwa kijana. Alikuwa na presha, na kwa miaka kadhaa alimeza propranolol aliyoandikiwa na daktari. Dawa ilipopungua hospitali aliongezea kutoka duka la Bwana Rashidi. Huyu Rashidi alikuwa Myao wa Nakapanya, zamani akiuza bidhaa kando ya barabara, kisha akafungua duka la dawa baridi mjini. Kibali chake kilikuwa cha dawa za kikohozi na mafua na mfano wa hizo. Dawa za presha hakuruhusiwa kuziuza, naye aliziuza, kwa yeyote, bila cheti cha daktari. Nilishamwonya mara mbili. Yote hayo ni kweli na sitayapunguza.

Mwalimu aligundua jambo moja kuhusu dawa yake. Zamani mikono yake ilitetemeka mbele ya wageni wakubwa. Tangu aanze propranolol, mikono ilitulia. Hilo nalo ni kweli, dawa hii hutuliza mtetemeko na moyo unaokimbia kwa hofu. Mwalimu akaliweka moyoni kama siri ya ufundi.

Ndipo likaja tamasha la kwaya za parokia, Namtumbo, na mgeni rasmi alikuwa askofu. Mwimbaji wa kuanzisha nyimbo alikuwa Agnesi, mshonaji wa nguo, sauti ya pili. Alishonea kwaya nzima vitenge vya siku hiyo. Agnesi alikuwa na pumu tangu utotoni. Kwa kuwa watu wetu waliamini pumu huambukiza kwa kikombe cha kunywea, alikuwa ameificha, na ilikuwa imenyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba hata yeye alianza kuiamini siri yake. Haya aliniambia mwenyewe, akiwa kitandani hospitali, na mazungumzo yafuatayo nayaandika kama yeye na wenzake walivyonieleza.

Waliposhuka kwenye lori, wamejaa vumbi la barabara, Agnesi alimwendea mwalimu.

"Mwalimu, miguu haipo. Nikifungua mdomo pale mbele itatoka sauti ya mbuzi."

"Askofu naye anafuga mbuzi. Hatashangaa." Kisha akaona kuwa mwenzake hacheki. Akatoa karatasi ya daftari mfukoni, akaifungua. "Shika hiki. Mimi ndicho kinachonisimamisha."

"Cha nini?"

"Cha presha. Kinatuliza moyo tu. Hata asiye na presha hakimdhuru."

Bwana mmoja wa besi akaingilia. "Mwalimu, kwani sisi wa besi tumeumbwa bila mioyo?"

"Ninyi mna matumbo tu," mwanamke mmoja akamjibu, na kwaya ikacheka, na mwalimu, ambaye hakuwahi kuitwa mchoyo maisha yake yote, akagawa. Aliwagawia wote walioomba, kwa maji ya kibuyu kimoja.

Hakuuliza swali la Mzee Haule. Angeulizaje? Hakufundishwa. Aliyepaswa kumwambia kuwa dawa haiazimwi ni aliyemwuzia, na aliyemwuzia hakusema neno.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Waliokuwapo wanasema Agnesi hakuwahi kuimba kwa utulivu namna ile. Lakini walipokuwa nje wakisubiri kuitwa tena, akaanza kukohoa, akasema ni vumbi. Walipopanda kwa wimbo wa pili alianzisha ubeti, akafika katikati, na sauti ikakatika. Alibaki amefungua mdomo, mabega yakipanda na kushuka, na shingo ikiwa imekaza. Watu walidhani ameguswa na Roho. Ni yule mwanamke aliyemtania mtu wa besi ndiye aliyeona midomo ikibadilika rangi, akapiga kelele kwamba huyu hapumui.

Walimkimbiza kwenye kituo cha afya wakamchoma sindano ya kufungua kifua, kisha wakamleta Songea. Nilimwona siku iliyofuata. Kifua kilikuwa bado kinapiga filimbi, na mapigo yake yalikuwa ya polepole, wakati mtu aliyebanwa hivyo moyo wake hukimbia. Hapo nikajua amemeza dawa gani. Nilizikagua zile zilizosalia dukani kwa Rashidi: kopo lenyewe lililofungwa kiwandani, la aina ileile tuliyokuwa nayo hospitali, halijapitwa na wakati. Na kwani nilihitaji zaidi? Chokaa haipunguzi mapigo ya moyo. Zingekuwa feki, Agnesi angeimba mpaka ubeti wa mwisho. Ni uzima wa dawa ile uliotaka kumwua.

Nikaenda kwa mkubwa wangu mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa hayupo kujitetea, nikamweleza. Alinisikiliza, akafunga mlango.

"Bwana Mbawala, andika feki."

"Si feki, mzee."

"Nisikilize. Ukisema mwalimu aligawa, umemwaibisha mwalimu, umeiaibisha kwaya, umeliaibisha kanisa zima. Feki haina ukoo. Tunalifunga duka la yule bwana wa Nakapanya, kila mtu analala usingizi."

"Duka lifungwe kwa kosa alilofanya. Ameuza dawa asizoruhusiwa, hakuuliza, hakuelekeza. Lisifungwe kwa kosa ambalo hakulifanya."

"Tofauti ni nini kwa duka lililofungwa?"

"Kwa duka hakuna. Kuna wagonjwa mjini wanaomeza vidonge hivyohivyo. Wakisikia feki wataviacha leo."

"Watatafuta vingine."

Sikuandika. Haikusaidia kitu. Kesho yake gari la matangazo lilizunguka Mfaranyaki na Lizaboni na mitaa mingine likiwaonya wananchi juu ya vidonge feki vya presha. Bwana Rashidi nilimkuta akipanga maboksi yake.

"Bwana Mkaguzi, wallahi mimi si malaika," akasema. "Nimeuza bila cheti, hilo nifungie, nitasema alhamdulillahi. Lakini feki sijauza. Mama yangu mzazi, kule Nakapanya, anameza katika kopo lilelile. Nimpe mama yangu chokaa?"

Nilimwambia najua. Alinijibu kuwa kujua kwangu hakumfungulii duka, na alisema kweli.

Hapa ndipo hasira yangu inapoanza hasa, vijana, na miaka yote hii haijapungua. Watu walisikia neno feki wakafanya walichodhani ni usalama. Walitupa vidonge chooni, wakamshukuru Mungu. Hakuna aliyewaambia kuwa kizuia-beta hakiachwi ghafla. Moyo uliozuiwa muda mrefu hujizoesha kusikia amri hata ya kunong'ona. Ukimwondoa ghafla mlinzi wa mlangoni, amri zote huingia kwa pamoja, na moyo huruka kama fahali aliyekatiwa kamba. Presha hupanda, mapigo hukimbia, na kwa wengine kifua hukamatwa na maumivu ya moyo unaokosa damu. Daktari akitaka kukuachisha, hupunguza kidogo kidogo, kwa majuma, akikuangalia. Hata dawa ingekuwa feki kweli, tangazo la mtu mwenye akili lingesema: njooni hospitali mbadilishiwe. Lile lilisema: tupeni.

Nilianza kupita nyumba kwa nyumba kwa wale niliowafahamu. Kwa Mwalimu Ndunguru nilifika na vidonge alivyoandikiwa na daktari upya. Nilimkuta amekaa nje, karatasi za muziki magotini, bila kuzisoma.

"Tumsifu Yesu Kristu, Mwalimu."

"Milele amina. Karibu, bwana. Umekuja kunikagua na mimi?"

"Unameza dawa yako?"

"Nimevitupa chooni vyote."

"Havikuwa feki."

"Najua." Akaniangalia. "Mimi nimevimeza miaka, si ningejua? Lakini nitamezaje kitu ambacho nimemlisha Agnesi kikamkaba mbele ya askofu?"

Nilimwambia kidonge hakina kinyongo wala toba, ni chake na kinamfaa. Nilimweleza habari za fahali na kamba. Mkewe, Mama Batista, akasema kutoka mlangoni, "Baba, mpokee bwana mzigo." Mwalimu akavipokea, akavishika mkononi muda mrefu, akasema ataanza baada ya Misa ya Jumapili, kwanza akaombe msamaha mbele ya kwaya. Nikamsihi aanze pale pale, kwa maji ya kwake, mbele yangu. Akasema, kwa upole ule wa walimu, "Bwana Mbawala, na wewe sasa unataka kunimezesha mbele ya watu."

Jumapili aliomba msamaha. Aliongoza wimbo wa kuingilia. Kabla ya Misa kwisha alishika kifua, akaketi kwenye kiti cha kinanda, na walipomfikisha hospitali ilikuwa imebaki kazi ya kumfunika. Mama Batista alivikuta vile vidonge kwenye mfuko wa koti lake la kanisani, vimefungwa kama nilivyovifunga.

Kwenye maziko mtu aliyesoma wasifu wa marehemu alisema ameondolewa na dawa feki za wafanyabiashara wasio na huruma. Umati ukaguna kukubali. Nikasimama. Nilisema, "Samahani, tuweke jambo moja sawa." Mzee mmoja wa ukoo akaninyooshea fimbo yake, si kwa ukali. "Bwana Mbawala, kaa. Msiba si ofisi." Watu wakanitazama kama mtu aliyekohoa wakati wa ukimya. Nikakaa. Duka la Rashidi halikufunguliwa tena, akarudi Nakapanya kuuza mahindi, na neno feki likakaa Songea mpaka likamfikia yule kijana wa kaunta, ambaye wakati ule alikuwa hajazaliwa.

Mnaojua mambo haya kwa vyeti mtaniuliza kama siku hizi si tofauti. Dawa zimekuwa nyingi, baadhi ya vizuia-beta hulenga moyo zaidi kuliko kifua, na vidonge vimefungwa kwenye karatasi zenye maandishi. Sawa. Lakini hata hizo mpya mwenye pumu asizianze bila daktari kujua. Mwenye kisukari anayetumia dawa za kushusha sukari aambiwe kwamba sukari ikishuka huenda asisikie moyo kukimbia wala mikono kutetemeka. Jasho litabaki, hilo alitazame. Nanyi mnaogawa dawa, ulizeni kama alivyouliza Mzee Haule, halafu nyamazeni, mngoje jibu la pili.

Nimebakiza jambo moja la siku ile ya maziko.

Jeneza lilikuwa limeshashushwa, na wanawake wamekaa kwenye mikeka wakiimba nyimbo zake. Mama Batista alikuwa ameishiwa na machozi, anatetemeka mwili mzima. Jirani yake, mama mtu mzima, mwema, akafungua fundo la khanga, akatoa kidonge. Nilikuwa karibu, nikamsikia.

"Meza hiki, mwenzangu. Ni cha presha, changu mwenyewe cha hospitali, si cha dukani. Kitakutuliza moyo."

Nilianza kuinuka, na yule mzee wa fimbo akaniona, akatikisa kichwa. Lakini Agnesi alikuwa amekaa mkeka huohuo, bado mdhaifu, khanga shingoni. Alinyoosha mkono wake, akaushika mkono wa yule mama uliokuwa na kidonge, akavifunga vidole kimoja kimoja mpaka mkono ukawa ngumi.

"Mama," akasema kwa ile sauti yake iliyobaki, "hiki ni chako. Kimeze wewe. Leo, na kesho, na siku nyingine zote. Usimpe mtu."

Yule mama akamtazama. Kisha akaomba maji.